Darasa la Pumzi Nyamkoko

Mwanamkuu aliamka alfajiri, akaswali, akafagia uwanja wake. Kisha akachukua mkoba wa kazi na kutoka. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Nyamkoko, kule deltani, mto unapoingia baharini, kata ya Salale. Nyamkoko haina barabara. Ukitaka kwenda popote ni mtumbwi au boti, na boti hungoja maji yajae.

Alipita nyumba kwa nyumba. Alipima watoto uzito. Aliwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki. Kila alipopiga hodi alikaribishwa.

"Karibu, dada Mwanamkuu. Pita ndani."

Kutwa nzima alizungumza na watu. Jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Yeye na mumewe waliachana miaka sita nyuma. Binti yake wa pekee, Nasma, aliolewa Mbagala. Walizungumza kwa simu siku za Ijumaa, mtandao ukikubali.

Nyamkoko nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kumhudumia mtu aliyeacha kupumua. Mtu huyo alikuwa Mwanamkuu. Alijifunza Kibiti kwa siku mbili, akapewa cheti. Watu walisema, "Tuna bahati, tunaye dada Mwanamkuu." Yeye alifurahi kuyasikia maneno hayo. Hakuona hatari iliyokuwamo ndani yake.

Wakati wa masika alikwenda Kibiti kwenye kikao cha wahudumu wa afya. Asubuhi ile ile Mudathiri, mvuvi wa kamba, aliteleza kwenye mtumbwi. Wavu ulimnasa miguu. Wenzake walimtoa majini baada ya dakika chache. Hakuwa anapumua. Walimning'iniza kichwa chini, miguu juu, ili maji yatoke. Walimkamua tumbo. Kisha walimlaza na kumpigia simu Mwanamkuu. Simu haikupatikana. Wakapiga tena na tena.

Mwanamkuu alifika alasiri, maji yalipojaa. Aliwakuta wanaume wanachimba kaburi.

Mwamini, mke wa Mudathiri, alikuwa ameketi mkekani na kanga usoni. Mwanamkuu alimpa mkono wa pole. Mwamini aliuacha mkono ule hewani.

"Tulikusubiri, dada," alisema.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku ile, kila alipopita njiani, watu walikatiza mazungumzo mpaka apite. Na yeye akaogopa kutoka kijijini. Alikataa hata kwenda arusi ya mpwa wake Ikwiriri. Ingekuwaje kama mtu angezama tena, naye hayupo?

Mwisho alimpigia simu Abdulkarimu, muuguzi aliyemfundisha Kibiti.

"Kaka, mimi siwezi kuwa kila mahali."

"Hakuna anayeweza, dada yangu. Ndiyo maana tunatafuta wakufunzi. Kuna mafunzo ya siku tano mwezi ujao. Njoo ujifunze kufundisha."

Mwanamkuu akaenda. Washiriki walikuwa saba. Wengine walikuwa wauguzi na walimu kutoka Ikwiriri, Umwe na Mtunda. Walifahamiana. Walitaniana wakati wa chai. Yeye alikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, na ndiye peke yake aliyetoka deltani. Alikunywa chai yake karibu na dirisha. Jioni alirudi gesti, akakaa kitandani, akasikiliza redio ya chumba cha pili.

Siku ya tatu kila mshiriki alitakiwa kufundisha wenzake. Mwanamkuu hakuwa na wasiwasi. Alipiga magoti mbele ya mdoli wa mazoezi. Aliutikisa mabega, akauita. Aliangalia kama unapumua. Alikandamiza kifua mara thelathini, akapuliza pumzi mbili, akarudia. Hakukosea hata mara moja.

"Umeuokoa mdoli," Abdulkarimu alisema kwa upole. "Umemfundisha nani?"

Mwanamkuu aliinuka, akajifuta magoti.

"Tulikuangalia, dada. Tumeona unajua. Lakini sisi bado hatujui. Ridhiwani, njoo ujaribu ulichofundishwa."

Ridhiwani, mwalimu wa shule kutoka Umwe, alipiga magoti. Aliweka mikono karibu na tumbo. Hapo hapo Mwanamkuu akamsukuma kando, akaweka mikono yake mwenyewe.

"Simama hapo," Abdulkarimu alisema. "Mikono nyuma. Sasa mwelekeze kwa mdomo."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyofikiri. Mikono yake ilitaka kwenda. Maneno hayakuja. Ridhiwani alibonyeza polepole, akainua macho kumngoja.

Abdulkarimu aliwaeleza wote. "Kwanza onyesha tendo zima, bila maneno. Pili, onyesha tena huku ukieleza kila hatua. Tatu, wewe fanya, lakini mwanafunzi ndiye akuambie cha kufanya. Nne, yeye afanye mwenyewe. Akikosea, mwache kwanza ajisahihishe. Halafu ndipo umsaidie."

Jioni ile Mwanamkuu aliweka mto kitandani. Aliuelekeza mto kwa sauti, mikono ikiwa nyuma. "Kiganja kimoja katikati ya kifua. Cha pili juu yake. Nyoosha viwiko." Alirudia mpaka redio ya jirani ikazimwa. Hakuwa na wa kumwambia kama amepatia.

Siku ya tano alimfundisha Ridhiwani upya. Safari hii Ridhiwani alipatia, akacheka kwa furaha.

"Bado hujawa mkufunzi kamili," Abdulkarimu alimwambia walipoagana. "Kafundishe darasa kwenu. Nitakuja nikuone. Chukua mdoli huu, nakuazima."

Darasa la kwanza lilikuwa Jumamosi, kwenye banda la shule. Mwanamkuu alikuwa ametangaza kijiji kizima. Walikuja watu wawili: Mwanasiti, mwuza maandazi, na mvuvi Hashimu. Abdulkarimu alikaa nyuma na daftari lake. Mwanamkuu aliyatazama mabenchi matupu. Alitamani kuahirisha.

Kisha Mwamini akatokea mlangoni. Hakuingia. Alisimama ameegemea kizingiti.

Mwanamkuu akaanza. Alionyesha kimya. Akaonyesha tena akieleza.

"Kwanza hakikisha wewe mwenyewe uko salama. Mtikise mabega, mwite. Hasikii? Paza sauti, omba msaada, mtu apige simu boti iandaliwe. Angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Hapumui, au anakoroma kwa kushtukashtuka? Anza kazi. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo mpe pumzi mbili kwanza. Inua kidevu, mbane pua, puliza mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamiza mara thelathini, kina cha upana wa vidole vitatu, karibu mara mbili kila sekunde. Pumzi mbili tena. Usiache. Ukichoka, mwenzio akupokee."

"Na maji ya tumboni?" Hashimu aliuliza. "Tusimning'inize?"

"Hapana. Wala msimkamue tumbo. Mnapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni."

"Na mwanamke amwekee mdomo mwanamume wa watu?" Mwanasiti aliuliza.

"Nilimwuliza maalimu wetu wa msikitini. Alisema kuokoa uhai kunatangulia. Anayeshindwa kabisa kupuliza, akandamize kifua tu. Ni bora kuliko kukaa."

Mlangoni Mwamini akasema, "Wangeyajua haya siku ile, baba watoto angepona?"

Mwanamkuu angeweza kusema ndiyo, angeweza kusema hapana. Alitembea mpaka mlangoni.

"Sijui, Mwamini. Wapo wanaofanyiwa yote haya na bado wanakufa. Lakini angepata nafasi. Na nafasi ile haikupaswa kunisubiri mimi. Nisamehe. Nilijua peke yangu nikaona inatosha."

Mwamini alifuta uso kwa pindo la kanga. Kisha akavua ndala, akaingia, akapiga magoti kando ya mdoli. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kutosha. Alijaribu mara nyingi, kifua cha mdoli kikashuka kidogo tu.

"Basi nifundishe kuhesabu," alisema. "Na nifundishe kuwakataza watu kumning'iniza mtu."

Abdulkarimu aliandika kitu kwenye daftari. Mwezi uliofuata alikuja mara ya pili, kisha akampa Mwanamkuu cheti cha ukufunzi. Darasa lilikuwa limefikia watu kumi na mmoja. Mwanamkuu alianza kwenda hata vijiji vya jirani kufundisha.

Siku moja alikuwa katika kijiji kimoja cha jirani simu ilipoita. Alikuwa Mwanasiti, anahema.

"Dada, yule binti Muzdalifa! Mtumbwi umepinduka akienda shambani kwenye mpunga. Tumemtoa, hapumui. Hashimu anakandamiza, mimi napuliza…"

Simu ikakatika.

Mwanamkuu alipata mtumbwi wa mashine. Alifika baada ya saa nzima, akakuta watu wamejaa ufukweni mwa mto. Muzdalifa hakuwapo.

"Yuko wapi?"

"Amepelekwa kituo cha afya na boti," mzee mmoja alimjibu. "Alitapika, wakamlaza ubavu, akaanza kupumua. Aliondoka macho wazi, anaita mamaye."

Watu walirudi kwenye mazungumzo yao. Walionyeshana, wakabishana nani alipokea zamu saa ngapi. Mwanamkuu alisimama nyuma yao na mkoba wake. Hakuna aliyemhitaji. Kwa kitambo alijiona mpweke mno, kama mgeni aliyefika arusi imekwisha. Halafu akaketi kwenye mchanga, akalia kwa furaha.

Mwamini alimwona, akaja akaketi karibu naye. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Walitaka kumning'iniza," alisema. "Nikawapigia kelele mpaka wakamlaza. Kisha nikahesabu. Nilihesabu thelathini, thelathini, sijui mara ngapi. Hashimu akichoka, namwita mwingine."

"Ulifanya vizuri, mdogo wangu."

"Nilimfikiria Mudathiri kila hesabu."

Mwanamkuu alimshika mkono. Safari hii Mwamini hakuuachia.

Muzdalifa alirudi baada ya siku nne, bado anakohoa kidogo. Jumamosi banda la shule lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Muzdalifa alikaa mbele kabisa.

"Nionyesheni mlichonifanyia," alisema. "Mimi sikuona kitu."

Watu walicheka. Wote walimgeukia Mwanamkuu.

"Mwanasiti, mwonyeshe," alisema. Akaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya wanawake waliosogea kumpa nafasi.