Upara wa Simba

Jumapili, soko la vitu vya kale la Saint-Ouen lilikuwa limejaa hadi pomoni. Odile, koti la kijani na skafu nyekundu shingoni, alikuwa akikokota kigari chake gurudumu likang'oka. Simba wa shaba akabiringika hadi miguuni pa mwanamume mmoja mrefu, vidole vyeusi kwa masizi.

"Bibie, simba wako anatoroka," akasema mwanamume huyo, Rémi, akimwinua simba.

"Wako wawili, wanashikilia kuni mekoni kwangu. Huyu kavunjika mguu. Natafuta fundi."

"Umeshampata. Na mwenzake umemwachia nani?"

"Yuko peke yake, kama mimi," Odile akajibu, papo hapo akajuta. "Mguu tu, tafadhali." Akamwachia simba na namba yake ya simu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kesho yake Rémi alipiga simu kuuliza urefu wa mguu wa simba wa pili. Siku iliyofuata akauliza tena.

"Rémi, haujakua tangu jana."

"Nahakikisha tu. Umekula?"

"Supu ya vitunguu. Mimi na ukuta."

"Basi Jumamosi naleta simba na mkate, uukimbie huo ukuta."

Tangu baba yake afariki, hakuna aliyewahi kumuuliza Odile kama amekula. Simu ilikatika, naye akabaki ameishika.

Rémi akaona mguu peke yake ni zawadi ndogo. Simba yule alikuwa na upara: dhahabu ya utosini ilikuwa imelika, shaba iko wazi. Akampaka dhahabu upya, akamsugua hadi akawaka. Mtu akipenda husahau kuuliza, hata awe fundi hodari.

Jumamosi akafunua kitambaa. Odile akapapasa utosi wa simba, uso ukamshuka.

"Upara uko wapi?"

"Nimeuziba, mpenzi. Hiyo ni zawadi yangu."

"Baba alikuwa anaweka mguu hapo. Kila jioni, kwenye kiti kile, tangu sijazaliwa, hadi dhahabu ikalika. Nikimkumbuka nilikuwa naushika ule upara." Akafungua mlango. "Nenda, Rémi."

Akaenda, mkate akauacha mezani.

Simu zake ziliita, hazikupokelewa. Odile aliula ule mkate peke yake hata ulipokuwa mgumu. Jioni aliwasha moto, akakaa upande wake wa meko, mbele yake kiti cha baba kitupu na simba aking'aa kama mgeni. Upweke ulimuuma vibaya. Zamani alimkosa mtu mmoja, sasa aliwakosa wawili.

Baridi ilipozidi, akapokea.

"Naweza kuikwangua ile dhahabu," Rémi akasema bila hata salamu.

"Ukiikwangua utakuwa upara wako, si wa baba."

"Basi niambie nifanye nini. Nimechoka kula peke yangu."

Odile akakitazama kiti kitupu. "Njoo."

Alifika na theluji mabegani. Odile akamwonyesha kiti cha baba, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Kaa. Weka mguu juu ya simba."

"Odile, dhahabu ile niliipaka kwa mkono wangu. Haitaisha leo wala kesho. Itachukua maisha yangu yote."

"Najua. Ndicho ninachokuomba."

Rémi akamtazama, machozi yakimlengalenga. Kisha akainua mguu taratibu, akauweka juu ya kichwa cha simba.