Zamu ya Nelius

Mawele yanapoanza kutia maziwa, watoto wa kando ya mto Thuci hawana wikendi. Siku za shule mama zao ndio wanaoamia ndege wasile nafaka, lakini Jumamosi na Jumapili ni zamu ya watoto. Kabla jua halijachomoza, mtoto huwa amekwisha panda juu ya dungu, jukwaa la miti lililo katikati ya shamba, kombeo mkononi na rundo la vidonge vya udongo miguuni, kwa sababu kweleakwelea huamka na njaa. Ndege hao hushuka kama wingu. Wingu hilo likitua shambani kwa muda wa kuchemsha chai tu, mwenye shamba hana chakula mpaka msimu mwingine.

Ciakuthii, msichana wa darasa la saba, alikuwa hodari wa kombeo. Baba yake, Ngari, na mama yake walifanya kazi Mombasa, naye alilelewa na mama ya baba yake, ambaye pia aliitwa Ciakuthii. Ndiyo desturi ya Wambeere: mtoto wa kike hubeba jina la nyanya yake. Kijijini watu walimwita yule mzee Cucu, yaani nyanya, ili wasiwachanganye wawili hao.

Shamba la Cucu lilipakana na la Veronicah, mjane, mama wa msichana aitwaye Nelius. Nelius na Ciakuthii walikaa dawati moja shuleni, na madungu yao yalitazamana, hivyo walizungumza siku nzima kwa kupigiana kelele. Mwaka huo wa 1996 Veronicah alikuwa amesema wazi kwamba mawele yakikosekana, Nelius ataacha shule na kwenda Embu mjini kulea watoto wa shangazi yake. Shangazi huyo alimngoja kwa hamu. "Shule hailishi mtu," alizoea kusema. "Mleteni huku, angalau atakula."

Ijumaa moja jioni Ciakuthii alirudi kutoka kisimani akikimbia, maji yakimwagika.

"Nelius! Umesikia? Tamasha Ishiara, kesho na kesho kutwa! Kampuni ya sabuni inaleta bendi nne, bila kiingilio. Kirimiri Sauti wenyewe wanakuja!"

"Nani hajasikia? Hata mbuzi wetu wamesikia," Nelius akajibu. "Na ndege je? Watakwenda tamasha nao?"

Wakakaa chini wakafikiri. Bendi ya Kirimiri Sauti walikuwa wameisikia redioni tu, nyimbo zake wakiziimba mpaka sauti zikakauka. Mwishowe Nelius akasema, "Wewe nenda kesho, mimi nitaamia mashamba yote mawili. Jumapili uamie wewe, niende mimi."

"Sawa! Nikikosa, niitwe mbwa," Ciakuthii akaapa, na wakapeana mikono bila kuwaambia wakubwa.

Jumamosi Ciakuthii alikwenda. Uwanja wa soko la Ishiara ulijaa watu na vumbi. Bendi mbili zilipiga, naye akacheza, lakini Kirimiri Sauti hawakuonekana. Jioni mtangazaji akasema kwamba lori lao limeharibika njiani, na kwamba watapiga kesho. Ciakuthii alirudi nyumbani akiburuta miguu. Alimkuta Nelius sauti imemkauka kwa kupiga kelele za mashamba mawili. Hakuna suke hata moja lililoguswa.

"Walipiga ule wimbo wetu?" Nelius akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Hawakufika. Watapiga kesho."

"Wee! Pole sana. Basi nitakusikilizia mimi, nije nikuimbie wote."

Nelius alisema hivyo kwa moyo mweupe.

Jumapili Veronicah na Cucu walikwenda kanisani, na baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa akina mama. Adhuhuri Nelius alivaa gauni lake moja zuri, akapunga mkono, akaondoka. Ciakuthii akabaki juu ya dungu. Jua lilikuwa kali. Alijiambia kwamba ndege hupumzika vichakani wakati wa jua kali. Alijiambia kwamba atasikiliza wimbo mmoja tu na kurudi. Lakini moyoni alijua kweleakwelea hawana saa.

Kuzunguka kila shamba kulikuwa na kamba zilizofungwa mikebe, ambayo upepo uliigonganisha ikapiga kelele na kutisha ndege. Kamba za shamba moja hazitoshi kufukuza kundi kubwa, bali za mashamba mawili zikifungwa pamoja huenda zikatosha. Ciakuthii alishuka. Akafungua kamba zote za shamba la Nelius, akazivuta na kuzifunga kwenye shamba la Cucu. Alipomaliza, shamba la mjane lilikuwa kimya kabisa. Akalipa kisogo, akakimbia kwenda Ishiara.

Alipofika, Kirimiri Sauti walikuwa ndiyo kwanza wanapanda jukwaani. Gita la kwanza likalia, watu wakapiga mayowe. Ciakuthii alipenya chini ya makwapa ya watu mpaka mbele, akaanza kucheza, na kwa kweli alijua kucheza. Watu wakamwachia nafasi. Mwimbaji akamwona, akainama na kipaza sauti chake.

"Huyu mwenye mifupa ya mpira ni wa nani?"

"Ciakuthii!" akapiga kelele.

"Ciakuthii wa wapi?"

"Wa Ngari! Wa kando ya Thuci!"

Basi kama ilivyo desturi ya bendi za huko, gita zikaendelea kuzunguka na mwimbaji akalitia jina lile katika wimbo. "Ciakuthii wa Ngari, Ciakuthii wa Thuci, nani alikufunza?" Vipaza sauti vililipeleka jina mpaka mwisho wa soko. Ciakuthii alihisi kama miguu yake haigusi ardhi.

Hapo mkono ukamshika bega. Alikuwa Nelius, macho yamemtoka.

"Ciakuthii, ni nani yuko shambani?"

Ciakuthii akageukia jukwaa.

"Nakuuliza, ni nani yuko shambani!"

Nelius hakungoja tena. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakata umati akilia. Ciakuthii alimtazama akiondoka. Kisha akamalizia wimbo.

Nelius alipofika shambani, wingu lilikuwa limetua na kuondoka. Mabua yalisimama, lakini masuke yalikuwa yamenyonywa na kubaki makapi matupu. Aliona kamba zake hazipo. Aliona shamba la Cucu limezungukwa na mikebe mara mbili, nalo halikuguswa. Alikimbia kanisani kumwita mamake. Alipokuwa huko, Ciakuthii akafika kwa njia ya mtoni, akafungua zile kamba, akazirudisha zilipokuwa, akapanda dunguni na kushika kombeo.

Hivyo ndivyo wakubwa walivyomkuta. Veronicah aliangalia shamba lake, akasugua suke moja kiganjani, likatoa makapi matupu.

"Mama, yeye alikuwa Ishiara! Ni zamu yake!" Nelius alisema. "Tena alichukua mikebe yetu!"

"Mikebe ipi?" Ciakuthii akauliza kutoka juu. "Si ile pale?"

Nelius akageuka, akaiona mikebe mahali pake.

"Mimi niko hapa tangu asubuhi," Ciakuthii akaendelea. "Nelius ndiye aliyekwenda dansi. Mama Nelius, mwangalie gauni lake."

Cucu akapiga fimbo yake chini. "Mjukuu wangu ana jina langu," akasema kwa majivuno. "Jina hili halijasema uongo tangu nizaliwe. Shamba langu lile pale, zima. Asiyekuwa dunguni anaonekana kwa shamba lake."

Veronicah alimchapa Nelius kwa bua la mawele lililoliwa, na bua hilo lilipovunjika akachukua jingine. "Umekula chakula cha mwaka mzima! Na bado unasingizia watu!" Nelius alipiga kelele mara moja tu. Ciakuthii aliona yote kutoka juu ya dungu, hakufumbua mdomo.

Waliosikia jina lile uwanjani walikuwa wengi, lakini waliotoka kijijini kwao walikuwa wachache, nao walikuwa wameaga nyumbani kwamba wanakwenda kanisani. Watu wa namna hiyo hawatoi ushahidi.

Haukupita muda shangazi akaja kutoka Embu. Nelius alitoka na mfuko mmoja wa nguo. Ciakuthii alimngoja njiani.

"Nelius, mimi..."

"Wimbo ulikuwa mtamu?" Nelius akamuuliza, akapita.

Shuleni Ciakuthii akakaa peke yake katika dawati la watu wawili. Hakuna aliyemshuku.

Siku moja ya soko, Cucu alipeleka kuku wake Ishiara. Jua lilipomchoma alijikinga barazani kwa Abdihakim, mfanyabiashara aliyetoka Meru mjini, ambaye aliuza redio na kanda za muziki. Abdihakim aliweka kanda mpya, sauti juu. Gita zilizunguka, halafu mwimbaji akaita: "Ciakuthii wa Ngari, Ciakuthii wa Thuci!"

Wanawake waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

"Cucu! Kumbe wewe huruka dansi!"

"Magoti yamepona lini, Cucu? Na sisi tunakuombea kanisani!"

Cucu naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikamkatika. Marehemu Ngari alikuwa mume wake, ni kweli, lakini mwanawe naye alijulikana kwa jina hilo la baba yake, na Ngari huyo alikuwa na binti mmoja.

"Abdihakim, rudisha hapo nyuma."

"Hapo wapi, mama?"

"Hapo wanaponitaja."

Abdihakim akarudisha kanda. Cucu akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasikia hata sauti ya mtoto ikijibu, "Wa Ngari! Wa kando ya Thuci!"

"Hii mlirekodi lini?"

"Jumapili ya tamasha, mama, alasiri. Mimi mwenyewe nilishika mashine karibu na jukwaa."

Cucu aliwaacha kuku hapo hapo, akaenda nyumbani. Ciakuthii alikuwa akichambua mboga.

"Jumapili ya tamasha ulikuwa wapi?"

"Dunguni, cucu."

"Nimekusikia kwa masikio yangu, ndani ya mashine ya Abdihakim. Soko zima limekusikia. Ulikuwa wapi?"

Ciakuthii akaweka kisu chini. Alisema yote, na alipofikia habari ya mikebe, Cucu alifunika uso kwa leso yake.

"Kwa hiyo hukusahau," mzee akasema. "Ulichagua. Na mimi nikasimama pale kama jogoo, nikijisifu jina. Inuka. Chukua kisu cha kuvunia. Mawele yamekauka. Utavuna peke yako, na kila kikapu utakipeleka kwa Veronicah ukipitia barabara ya shule."

"Nusu, cucu?"

"Yote."

"Na sisi tutakula nini?"

"Tutakula muziki," Cucu akasema.

Hakuwa akitania. Ciakuthii alivuna mpaka viganja vikachubuka. Habari ilikuwa imeenea, na alipopita na kikapu kichwani watoto walijipanga ukingoni mwa barabara. "Mifupa ya mpira! Cheza kidogo!" walimzomea. "Mbwa kapita! Mbwa wa Thuci!" Cucu alifuata nyuma kwa fimbo yake, na hakumkemea hata mmoja wao.

Veronicah alipoelezwa, hakumtukana Ciakuthii. Alikipokea kikapu cha kwanza, akakiweka chini. "Mtoto wangu alisema kweli nami nikamvunjia mabua mgongoni," akasema. Kesho yake akaenda Embu. Alirudi na Nelius, mikono ya msichana imepasuka kwa sabuni ya kufulia nepi, amekonda shingo. Ghala la mama yake lilikuwa limeanza kujaa, na Jumatatu akaingia darasani.

Akachukua dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko Ciakuthii alimfuata, akapiga magoti mbele ya wanafunzi wote.

"Nelius, nisamehe. Nilikosa."

"Nimekusikia," Nelius akasema. Akafungua kitabu chake cha hesabu, maana alikuwa ameachwa nyuma sana.

Ciakuthii alifika nyumbani akilia. Cucu alikuwa ametoka kupalilia shamba la watu, kazi iliyokuwa ikiwalisha sasa, mgongo umempinda.

"Hakunijibu, cucu. Alisema tu amenisikia."

"Ulitaka akwambie nini? Keti." Mzee akampakulia mboga kidogo. "Sikiliza, nami sitasema mara mbili. Wale ndege siwalaumu. Ndege hajui shamba la mjane ni lipi. Wewe ulijua. Ulikwenda kwa tamaa, na tamaa ni ugonjwa wa kila mtoto. Lakini uliponyamaza juu ya dungu mwenzako akipigwa, huo haukuwa utoto. Huo ulikuwa ukatili, na uliufanya kwa akili timamu. Tena kweli umeisema baada ya kukamatwa. Ni kweli, lakini kweli ya namna hiyo haimponyi aliyeumizwa. Kweli husemwa ingali na faida kwa mwenzako."

"Nifanye nini?"

"Msamaha ni mali ya Nelius. Akipenda atakupa, asipopenda utaishi bila huo. Kazi yako wewe ni moja. Ukimwambia mtu utakuwa mahali, uwe hapo, hata kama dunia nzima inacheza kwingine."

Ciakuthii akala alichopewa. Halafu akaiosha sufuria, ambayo haikuwa na ukoko wa kukwangua.