Sentimita Kumi Zilizopungua

Kila Jumamosi mimi hufagia chumba cha mama cha kushonea, huokota pini na kupanga nyuzi kwa rangi. Jumamosi ile palikuwa na kazi ya wodi ya wazazi: mapazia manne marefu na sita mafupi. Marefu mama alikwisha kuyakata. Muuguzi angekuja kuyachukua yote saa kumi.

"Haya mafupi usiyaguse," mama aliniambia akivaa viatu. "Nafuata uzi, narudi sasa hivi. Kitambaa hicho ndicho cha mwisho, dukani hakuna tena."

Basi mimi, ambaye darasani huitwa Kikokotoo, nikaona bora nimsaidie. Daftari lake lilisema: dirisha refu sentimita mia mbili, kitambaa mia mbili na ishirini. Dirisha fupi lilikuwa mia moja. Hesabu gani hiyo ya kumwumiza mtu kichwa? Nusu ya dirisha, nusu ya kitambaa. Nikakata vipande sita vya mia moja na kumi, nikajisifu kimoyomoyo kwa kubakiza sentimita sitini.

Kisha nikakunja kipande kimoja kama mama anavyokunja: tano juu za kupitisha fimbo, kumi na tano chini za upindo. Nikapima. Tisini. Nikapima tena, tisini vilevile. Wapita njia wangewachungulia kina mama wakinyonyesha, na mama yangu ndiye angelaumiwa.

Nikavisukuma vipande chini ya meza. Ningeweza kusema kitambaa kilikuja pungufu. Niliposikia viatu vya mama mlangoni, nilikuwa bado naupanga uongo huo.

"Mbona umenywea kama kuku aliyenyeshewa?" akauliza.

Niliona aibu hata kumtazama. Nikavitoa vile vipande. "Nimekata, mama. Ni vifupi. Nimeharibu mimi."

Mama alitazama saa ukutani. Saa saba na nusu. "Umekata kwa hesabu gani?"

"Nusu kwa nusu."

"Na zile ishirini za kukunja ukazigawa pia? Mkunjo haujui dirisha ni refu au fupi, mwanangu. Kila pazia linataka ishirini zake. Hapa ilikuwa mia moja na ishirini. Zimebaki ngapi?"

"Sitini. Kwa mapazia sita ni kumi kumi. Zinatosha kabisa."

"Zinatosha? Mshono wa kuunga unakula ngapi?"

Safari hii nilifikiri kwanza. "Mbili. Hata kipande kikiwa kidogo, ni mbili zilezile."

"Hapo sawa. Basi upindo wa chini utakuwa kumi na tatu, na kiungo tutakificha ndani yake."

Tulishona bila kula. Muuguzi alifika pasi ikiwa bado ya moto, akalinyanyua pazia moja na kulisifu.

"Mwambie," mama akasema.

Nikageuza upindo, nikamwonyesha kiungo. Muuguzi akacheka. "Ungenyamaza nisingejua."

Alipoondoka, mama alinikalisha kwenye kigoda cha cherehani. "Kabla ya kugawa, uliza kwanza: je, kila kitu hapa kinapungua pamoja, au kipo kisichobadilika? Na kuuliza si ujinga, Kikokotoo. Leo tumeokolewa na sentimita sitini, na kwa kuwa hukuzificha zile kumi zilizopungua."