Mtoto Aliyerudi Hakuwa Yule

Pango la Noeli nyumbani kwa akina Balza lilikuwa tupu tangu tarehe kumi Januari, na kijijini Mukutapa hakuna aliyeshtuka. Huko milimani, jirani akikuibia sanamu ya Mtoto Yesu amekuheshimu. Atamficha kwake, atampamba, na mwanzo wa Februari mtamtafuta nyumba hadi nyumba kwa fidla na fataki mpaka apatikane, watu wale keki na kunywa divai. Kwa hiyo dada wawili wazee wa nyumba ile waliziona nyasi tupu, wakacheka, wakaanza kuhesabu mayai ya keki.

Ila mwaka huu hakuna nyumba iliyomtoa. Alikutwa kwenye ngazi za kanisa, amefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Fataki zikalia. Wasimamizi wanne wa sherehe wakashika pembe za kitambaa, wakamleta mpaka mlangoni. Bibi Eufemia, yule mkubwa, ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyekuwa akimvika nguo, akampokea, akamgeuza, akasema mbele ya watu wote:

"Huyu siye."

Ndicho kilichompandisha Inspekta Nereida Rangel mlimani siku ya Ijumaa, na baridi ile.

Alianza na mdogo, Otilia.

"Una uhakika ndiye?"

"Mwanangu, nikifumba macho namwona." Akafumba. "Nywele zimejikunja hapa, juu ya paji. Mdomo umefunguka kidogo kama anataka kunyonya. Sasa hivi namwona yeye vizuri kuliko ninavyokuona wewe."

Nereida akaitazama sanamu iliyokuwa mezani. Kila neno lilikaa mahali pake.

"Na dada yako je?"

Otilia akashusha sauti. "Dada akili imeanza kuruka. Jumatatu nampeleka mjini kwa masista, kwenye nyumba ya wazee. Nafasi imeshapatikana. Labda wewe uniambie kwamba ni mzima."

Eufemia alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Bibi, fumba macho. Mtoto wa zamani, unamwonaje?"

"Giza."

"Jaribu tena."

"Nikifumba macho ni giza, Inspekta. Kwani wewe huwa unaona nini?"

Nereida alidhani anataniwa. "Naona vitu. Nikitaka kumwona mama yangu, namwona."

Kisu kikasimama. "Unamwona kabisa?"

"Siyo kama ninavyokuona wewe. Lakini ndiyo."

"Yesu wangu! Nilidhani watu wanasema tu! Otilia akisema anamwona marehemu baba, mimi nikajua ni maneno ya mapenzi." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Miaka sabini na moja, na hakuna aliyeniambia."

Nereida akatoka nje kuvuta hewa. Koplo Yorman, dereva wake, alikuwa ameegemea gari.

"Koplo, fumba macho. Ona ng'ombe."

"Ng'ombe gani, afande?"

"Yeyote."

"Yupo. Ila hana rangi."

"Hana rangi vipi?"

"Kama kivuli hivi. Kwani wako ana rangi?"

Ng'ombe wa Nereida alikuwa mwekundu, ana doa jeupe usoni, na alikuwa anatafuna. Inspekta akakaa kwenye jiwe. Miaka kumi na tisa amechukua maelezo ya mashahidi, akiandika "niliona, niliona", na hakuwahi kuuliza kila mmoja anaona kwa namna gani. Sasa amwamini nani? Anayeona yote, au asiyeona kitu?

Akarudi jikoni.

"Kama humwoni, umejuaje kwamba siye?"

"Mikono inamjua."

"Mahakama haipokei mikono, bibi."

"Basi mvike wewe."

Eufemia akaleta sanduku la nguo, akageukia ukuta, akaanza kusema bila kutazama nyuma. "Gauni la hariri. Kifungo kinaingia tundu la tatu, ndilo lililolegea. Soksi ya kushoto itanasa kwenye kidole gumba, kina kibanzi. Ukiilazimisha utaichana, nimeshaishona mara sita."

Nereida akavika. Tundu la tatu lilikuwa limelegea kweli, ila kifungo hakikulifikia, kiliishia la pili. Soksi ikateleza kama inavalishwa chupa.

"Labda amevimba kwa unyevu," Otilia akasema kutoka mlangoni.

"Na kidole kimepona?" Nereida akauliza.



Yorman aliipeleka sanamu maabara usiku uleule, akairudisha Jumamosi mchana pamoja na jibu la mtaalamu: mwerezi mpya, na vanishi haijafikisha hata mwezi mmoja. Nereida hakuhitaji zaidi. Uso uliomdanganya hata Otilia ungeweza kutoka mkono mmoja tu pale kijijini, mkono uliomchonga yule wa kwanza. Akawapakia dada wote wawili garini kwa ajili ya utambuzi, wakaenda kwa mchongaji, mzee Custodio Peña.

Rafuni kwenye karakana kulikuwa na vichwa vya mbao kama ishirini, vina mashavu na masikio, mbele ni patupu.

"Hawa mbona hawana nyuso, mzee?"

"Kazi haijaisha."

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke hospitali, Agosti."

"Nasikia wewe hukuhitaji mchoro. Ulikuwa unatazama gogo, unamwona mtakatifu ndani."

"Nilikuwa."

Nereida akaiweka sanamu mezani. "Huyu ulimchonga ukimwangalia nani?"

Mzee akaigeuza sanamu uso chini. "Nani amejua? Otilia?"

"Otilia ameapa ndiye. Ni Eufemia."

"Huyo? Huyo hajawahi kuchora hata kuku!"

"Na sikuhitaji kuku," Eufemia akajibu.

"Mzee, yule wa kwanza yuko wapi?"

Custodio akaonyesha kitanda kwa kidevu. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mto, amefunikwa blanketi la sufu mpaka shingoni. Eufemia akaingiza mkono chini ya blanketi, akapapasa mguu wa kushoto.

"Ndiye."

"Dada," Otilia akaanza, "nilikuwa nataka..."

"Ile nafasi ya Jumatatu nenda wewe. Wasalimie masista."

Nereida akafungua daftari. "Kwa nini, mzee?"

"Homa ilinizima humu." Akagusa paji. "Nilizinduka, nikafumba macho, hamna kitu. Kuwapoteza watakatifu hakukuniuma. Lakini mwanangu... alikufa ana wiki sita, hakupigwa picha. Akina Balza walipoagiza Mtoto, nilimchonga yeye. Sikumwambia mtu, na sikuwahi kwenda kumtazama, maana nilikuwa naye. Sasa simwoni. Nikamchukua nimnakili kwa rula, nibaki na nakala, wa kwanza nimrudishe. Siku ilipofika, mikono ikakataa kumwachia."

Eufemia akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Custodio, aliitwa nani?"

"Isaías."

"Mimi mama yangu sijamwona tangu azikwe. Lakini namjua kuliko ninavyokujua wewe. Nieleze Isaías."

"Nikueleze nini? Nimekwambia simwoni!"

"Sijauliza kama unamwona. Alikuwa analia vipi?"

Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama mikono yake.

"Halii," akasema polepole. "Anapiga chafya. Tatu tatu, tukifungua dirisha asubuhi."

"Na ukimwogesha?"

"Anashika kidole hiki. Hakiachii."

Yorman alikuwa mlangoni, pingu mkononi. Nereida akamwashiria asubiri.