Kapasita Tatu za Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye karakana ya baba yake, akafagia vipande vya waya, kisha akakaa kwenye kigoda chake kando ya meza. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shuleni alichaguliwa kusoma masomo kwenye kinasa sauti, ili wanafunzi wasioona wayasikilize.

Tatizo lilikuwa kikuza sauti cha maikrofoni. Kilikuwa cha bei ya chini, chenye taa ya kioo ndani, ile inayoikuza sauti, na mvumo wake ulimeza maneno. Ofisi ya elimu iliahidi chombo kizuri miaka miwili iliyopita. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao. Sasa mtihani ulikuwa Jumatatu. Alhamisi jioni mwalimu alikipeleka kikuza sauti kwa fundi, baba yake Chiriku.

"Kesho saa kumi nakifuata," alisema mwalimu. "Kisipopona, fundi, watoto wangu wataingia kwenye mtihani mikono mitupu."

Ijumaa, fundi alikichomoa na kumaliza umeme uliobaki ndani, maana chombo cha aina hiyo huweza kumpiga mtu hata kikiwa kimechomolewa. Akamwonyesha binti yake kapasita tatu hafifu, vile vidude vya kuhifadhi umeme.

"Tunaweka zilizo bora. Lakini moja moja. Ukiweka moja, tunasikiliza kwanza. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, baba."

Chiriku alibadilisha ya kwanza vizuri, baba yake akimwangalia. Mara mteja akaita mlangoni, na mteja mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi. Chiriku akatazama saa. Moja moja mpaka lini? Akachomoa ya pili na ya tatu, akaweka nyingine zilizofanana nazo, akaziunganisha chapuchapu kwa risasi ya kuyeyusha.

Fundi aliporudi aliuliza, "Umebadilisha ngapi?"

"Ile ile moja, baba."

Wakawasha. Mvumo ulikuwa umekwisha, lakini mahali pake palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayekunjakunja karatasi. Fundi akazima, akaichoma upya ile kapasita ya kwanza. Mkwaruzo ukabaki. Akabadilisha waya. Ukabaki. Jasho likamtoka. Ilipofika saa tisa na nusu, aliikazia macho ile taa ya kioo.

"Basi, taa imekufa, na nyingine hatuna. Mwalimu akija tumwambie tumeshindwa." Akachukua bisibisi aanze kukifunga.

Chiriku aliinuka kwenye kigoda.

"Baba."

"Nini tena?"

"Siyo moja. Nilibadilisha zote tatu. Nilitaka tumalize haraka."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Saa nzima nahangaika pasipo na ugonjwa! Wewe maneno yako hayaishi, leo neno moja la maana umelimeza?"

Fundi alikiwasha tena, akachukua kijiti kikavu, akaigusa kapasita ya pili. Mkwaruzo haukubadilika. Akaigusa ya tatu. Krr! Ukazidi. Risasi ilikuwa imeshika juu juu tu. Akazima, akamaliza umeme, akaiyeyusha upya, akawasha. Kisha akamvisha Chiriku spika za masikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, baba."

"Ndicho tulichokuwa tunakitafuta tangu mchana."

Mwalimu alifika saa kumi kamili, akasikiliza, akashukuru mara tatu. Mwalimu alipokuwa anafunga mzigo, fundi alimgeukia binti yake.

"Mkono kukosea si aibu. Hata mimi huchoma vibaya. Ukilisema kosa, linatengenezwa kwa dakika mbili. Ukilificha, linakula siku nzima ya watu ambao hawakukukosea. Wale wa ofisi ya elimu hawaulizwi na mtu walichofanya. Fundi huulizwa. Kwa hiyo ukiulizwa ngapi, sema ngapi."

"Nisamehe, baba. Sitarudia."

"Nimekusamehe. Haya, mfuate mwalimu ukasome. Na usome polepole, wanaosikiliza ni wengi."