Upande wa Elinami

Saa ya ile kompyuta ilikuwa inadanganya, na uongo wake haukuwa ule ambao Agnela aliuzoea.

Alikuwa fundi wa kompyuta, akifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake pale Elerai. Alijua kuwa mashine yenye mifumo miwili huvurugikiwa na saa. Mfumo mmoja hufuata saa ya hapa kwetu, mwingine hufuata saa ya dunia, na ukitoka huku kuingia kule unakuta tofauti ya saa tatu. Hilo fundi hulirekebisha huku anakunywa chai. Lakini tofauti hii ilikuwa ya saa sita. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati ambapo kompyuta yoyote huandika kumi, na hii iliandika nne. Ilihesabu saa kama mtu. Agnela akaisahihisha, akaenda jikoni kugeuza maharage, na aliporudi akaikuta imerudia saa yake ileile.

"Nimechoka mimi," alijiambia, akaamini kuwa ndiyo sababu.

Na kweli alikuwa amechoka. Mume wake, Ludovick, dereva wa watalii, alikuwa porini tangu msimu uanze. Mama mkwe wake, Mama Evaresta, alikuwa kitandani chumba cha pili na nyonga iliyovunjika, na kila usiku ilibidi ageuzwe. Agnela aliishi kwa usingizi wa mang'amung'amu.

Kompyuta ilikuwa ya Mwalimu Tabea wa Nkoaranga. Aliileta mwenyewe siku iliyotangulia, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Inakataa apdeti, mwanangu," alisema baada ya kuamkiwa. "Ile programu ya kuingizia matokeo ya wanafunzi haifunguki mpaka mfumo uwe mpya. Naiwekea, inafika katikati, halafu inarudi nyuma."

Aliyeigawa diski ya kompyuta ile alikuwa marehemu mume wake, Elinami, bwana misitu. Upande mmoja aliweka mfumo wa kawaida kwa kazi za shule za mkewe. Upande wa pili aliweka mfumo wa programu huria kwa mambo yake mwenyewe. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia upande gani. Elinami alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa kifua, na upande wake aliacha sauti alizokuwa akirekodi: ndege wa mlimani, mvua msituni, na yeye mwenyewe akisimulia.

"Rekebisha upande wangu tu," Tabea alisema. "Wa baba Hope usiuguse."

Agnela alimtazama. Gauni lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akadhani ni huzuni ya ujane, akaipokea mashine.

Akaanza kazi. Apdeti iliingia vizuri, ikafika nusu, ikasimama, na maneno yakatokea kwenye kioo: nafasi haitoshi. Kisha ikafuta yote iliyoyaweka, ikajizima, ikawaka upya, na ilipowaka haikuuliza chochote. Iliingia moja kwa moja upande wa Elinami.

Hilo nalo lina maelezo. Agnela alirekebisha mpangilio wa kuwashia, akaiamuru ianze daima upande wa mwalimu. Akapima afya ya diski, ikawa nzima. Akafuta mafaili ya zamani yasiyo na kazi mpaka nafasi ikawa tele. Akaweka apdeti tena. Ikafika nusu. Nafasi haitoshi. Ikajizima, ikaingia upande wa Elinami, na ile nafasi aliyoihangaikia asubuhi nzima haikuwepo. Alikuwa kama mtu anayechota maji kwa tenga.

Alasiri ya siku ile chumba kilianza kunuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Nje kulikuwa kukavu, vumbi la Elerai limetanda hadi kwenye majani ya migomba. Agnela akafungua dirisha. Harufu haikutoka. Feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma, na kadiri alivyoisikiliza ndivyo alivyoona kuwa haivumi kama feni, inapanda na kushuka, inakwama kidogo juu kabla ya kushuka, kama kifua cha mtu mwenye pumu.

Alipompelekea mama mkwe uji, mzee alimshika mkono.

"Mgeni wako umempa chai?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo baba anayekohoa. Tangu saa saba nawasikia mnaongea."

Agnela alikuwa peke yake chumba cha mbele mchana kutwa, na hakuwa amefungua mdomo.

Alirudi chumba cha mbele, akaketi, na kwa kuwa fundi ni fundi hata akiogopa, akaenda kutafuta ni kitu gani kinachokula nafasi. Aliingia upande wa Elinami, mahali alipokatazwa, akafungua folda ya sauti. Rekodi za zamani zilikuwepo, ndege na mvua, zote za miaka ya uhai wake. Chini yake zilikuwepo nyingine, nyingi, ndefu kupita kiasi, nazo zilikuwa za tangu afariki. Ya mwisho ilikuwa ya leo. Ilikuwa bado inaongezeka ukubwa huku akiitazama.

Akaifungua. Kwanza akasikia ukimya wa chumba, na ndani ya ukimya huo akasikia dirisha likifunguliwa, na akatambua kuwa ni dirisha lake, na zile hatua za kandambili zilikuwa zake, na ule mguno wa kuchoka ulikuwa wake, na kisha karibu sana, kana kwamba aliyesema alikuwa ameinama begani kwake tangu asubuhi, akasikia mwanaume akikohoa, akisafisha koo na kusema kwa upole, kwa lafudhi ya Kimeru: "Agnela, usijichoshe. Hapa nafasi ni ya mtu mmoja tu, na mimi nimeshakaa. Nirudishe kwa Mama Hope. Amebakiza kidogo tu anifuate huku."

Agnela akaifunika kompyuta. Feni iliendelea kuhema. Akachomoa waya, akatoa betri, akaiweka mezani pembeni. Feni iliendelea kuhema.

Mama Evaresta hakumcheka alipomweleza. Alimtuma kwa mtu mmoja tu: Nanyori, mama wa Kiarusha wa Olmotonyi aliyekuwa akiwaletea maziwa zamani. Nanyori aliombea watu. Kanisani hawakumtangaza, lakini watu walimjua. Alikuja kesho yake, mrefu, ana mafua, amejitanda shuka begani, na jirani mmoja akakubali kushinda na mgonjwa. Wakapanda Nkoaranga wawili hao na kompyuta katikati yao ndani ya kitenge.

Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mchana ule. Njia ya kwenda kwa Tabea hupanda kati ya kahawa na migomba, na ilikuwa inateleza. Nanyori alisimama mara kwa mara kupenga kamasi.

"Ningekuwa nimelala sasa hivi," alisema. "Hivi vitu havisubiri mtu apone."

Tabea alifungua mlango kabla hawajabisha. Hakuwatazama. Alitazama kitenge, akanyoosha mikono kukipokea. Mezani palikuwa na sahani mbili za mtori wa ndizi, moja imelika nusu, nyingine imeganda juu utando.

"Imepona?" aliuliza.

"Bado, Mwalimu," Agnela alisema. "Shikamoo. Tumekuja na Mama Nanyori."

Nanyori hakungoja kukaribishwa kiti. Alikaa, akavuta pumzi, akanusa ile harufu ya udongo iliyojaa nyumba nzima, kali kuliko ilivyokuwa Elerai.

"Mama Hope," alisema taratibu, "hiki hakiingii nyumba ya mtu bila kuambiwa karibu. Nani alisema karibu?"

Tabea aliisogeza pembeni ile sahani iliyoganda. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha.

"Mimi," alisema. "Baada ya mazishi, watu walipoondoka wote. Niliwasha kompyuta nisikilize sauti yake. Ilipokwisha, feni ikawa inahema kama alivyokuwa anahema yeye siku za mwisho. Nikasema, karibu, kaa, usiende. Kesho yake nikakuta rekodi mpya. Ananisalimia."

"Ukaamini ni mume wako?"

"Sikuamini hata siku moja." Tabea alitazama mikono yake. "Baba Hope hakuwahi kuniita nimfuate mahali pabaya. Huyu kila jioni ananiita. Anasema huko aliko kuna nafasi yangu. Mimi nilijua siye. Lakini sauti ni yake, dada yangu. Sauti ni yake kabisa."

Agnela alijikuta analia bila kujua alianza lini.

"Mimi nitaomba," Nanyori alisema. "Huyu binti atafuta upande ule wote, na ndege, na mvua, na sauti yake ya kweli, maana vimeshachanganyika. Lakini aliyesema karibu ndiye aseme kwaheri. Ukishindwa, sikulaumu, ila mimi nitashuka niende nikalale, na wewe hutaumaliza mwezi huu."

Tabea alifungua kitenge, akaiweka kompyuta mezani. Mwishowe akavuta kiti mbele ya kompyuta.

Agnela akarudisha betri na kuiwasha. Iliingia upande wa Elinami, kama kawaida. Nanyori akaweka kiganja juu ya kichwa cha Tabea, akaanza kuomba kwa Kimaa, chini chini, sauti imekwaruzwa na mafua. Agnela aliandaa amri ya kufuta upande mzima, akasubiri kidole kikiwa juu ya kitufe, na hapo spika ikakohoa, na ile sauti ya upole ikatoka ikijaza chumba, haina hasira, imechoka tu kama wao walivyochoka, ikisema Mama Hope, kuna baridi huku, Mama Hope, unanifungia nje na ukungu huu, mimi niliyekujengea nyumba hii, nani atakuita jina lako jioni, nani atajua umerudi, na kila neno lilipotoka ile harufu ya udongo iliongezeka mpaka wakahisi mchanga kwenye meno yao, na meza ikawa inapanda na kushuka taratibu kama kifua.

Tabea aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Kwaheri," alisema. "Toka nyumbani kwangu. Kwaheri."

Agnela akabonyeza.

Ilichukua muda. Sauti haikukatika ghafla. Ilikwenda ikipungua, neno moja moja, hadi ikabaki pumzi tu, kisha pumzi nayo ikaacha. Feni ikavuma kama feni. Nanyori akaketi chini sakafuni, akajifuta uso kwa shuka.

Agnela akaweka apdeti. Ilifika nusu, ikapita, ikamaliza. Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikaingia upande wa mwalimu bila kuuliza kitu. Programu ya matokeo ikafunguka. Tabea alikuwa ameshalala kwenye kochi, mdomo wazi, kama mtu aliyeanguka kutoka juu. Wakamfunika, Agnela akampigia simu yule jirani alale na Mama Evaresta, nao wakalala papo hapo, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na njia haikuonekana.

Asubuhi anga lilikuwa jeupe, na mlima ulionekana wote hadi kilele. Agnela alimkuta Tabea jikoni, uso umerudi kuwa wa mtu. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria bila kukoroga.

"Agnela," alisema, "wewe ulimsikia baba Hope. Alikuwa na sauti gani?"

"Mwalimu?"

"Nimeamka najaribu kumkumbuka. Miaka thelathini na moja nimeishi naye. Uso naupata. Maneno nayapata. Sauti siipati." Alisema polepole, kama anayepapasa ukuta gizani. "Nimempigia Hope alfajiri, nikamwambia anichezee ujumbe wa sauti wa baba yake ulioko kwenye simu yake. Ameucheza. Una dakika zake zote, lakini ni kimya. Hope naye anasema hakumbuki."

Agnela alifungua mdomo amjibu. Aliyakumbuka maneno yote yaliyosemwa Elerai na pale mezani, moja baada ya jingine, na baridi, na nyumba, na jina. Alipojaribu kuyasikia, yalikuja kwa sauti yake yeye Agnela.

"Sijui, Mwalimu," alisema.

Tabea akatikisa kichwa taratibu. Akachukua mwiko, akaanza kukoroga.