Chekechea ya Bi Hamisa

Enzi zile Tandika ilipokuwa na michongoma mingi kuliko kuta, na sabuni ikipangiwa foleni kama tiketi za sinema, Anjelina akitoka shule alifikia kwa jirani, Bi Hamisa. Hamisa na Mama Anjelina walifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo, zamu tofauti. Asubuhi watoto wa Hamisa walishinda kwa Mama Anjelina. Mchana vitoto vyote vilihamia kwa Hamisa, vikaujaza mkeka hadi rangi yake isionekane.

Siku hiyo mwanamke mgeni, mkoba begani, alisimama penye michongoma.

"Watoto wengi namna hii! Hapa pana nini, binti?"

Ulimi wa Anjelina haukujua likizo. Hata shikamoo aliisahau.

"Hapa chekechea! Ada ni kipande cha sabuni. Mwenye kuleta doti ya kanga, mwanawe analala kitandani!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka.

"Mimi ni Demetria, wa ustawi wa jamii. Niitie mwenye chekechea."

Hamisa akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Bi Demetria akamweleza kuwa anayelea watoto wa watu kwa malipo lazima apate kibali. Kabla ya hapo, kila mtoto arudi kwao.

"Arudi kwa nani?" Mama Anjelina alikuwa ndiyo kwanza anafika, kitindamimba mgongoni, tayari kwenda kazini. "Zamu yangu inaanza sasa hivi! Msimamizi keshaniambia, nikikosa tena nisirudi."

Anjelina aliyaona macho ya mama yake yakilengwalengwa na machozi. Akamsogelea mgeni.

"Shikamoo, mama," alimwambia mgeni kwa sauti ndogo. "Hakuna ada. Nilikuwa natania."

"Marahaba. Ulitania pale, au unatania sasa?"

Mgeni aliyemjua Anjelina kwa utani, sasa angemwaminije?

Bi Demetria akamgeukia Hamisa. "Huyu mwenzako anakulipa nini?"

"Ananilipa wanangu!" Hamisa akang'aka. "Mie nikiwa kiwandani, wangu wako kwake. Sabuni tukiipata tunagawana kwa kisu, tena yeye hukata vibaya!"

"Wee Hamisa! Kipande kikubwa si huchukua wewe?"

Bi Demetria akashindwa kujizuia, akacheka. "Basi, nimeelewa. Marafiki kupokezana watoto bila malipo si biashara. Hamhitaji kibali. Wahi kazini, mama."

Mama Anjelina akamkabidhi Hamisa mtoto, akatoka mbio, kandambili zikimpiga visigino.

"Utani naupenda, mwanangu," Bi Demetria akamwambia Anjelina. "Lakini mtu akikuuliza jambo la maana, mpe ukweli kwanza, utani baadaye. Leo kidogo umtoe mama yako kazini."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Na ukweli wa sasa," Hamisa akadakia, "ni kwamba ugali wangu unaungua. Hebu mpokee mdogo wako!"